GPS ya tajiri na mgonjwa wa Cimpunda

Barua ya wazi kwa viongozi wa vyama vya wamotari, vya taksi na vya malori wa Bukavu. Nakala kwa waganga wakurugenzi wa hospitali za mji na kwa mashefu wa avenyu.

Waheshimiwa viongozi, wandugu wa barabara,

Nimeamua kuwaandikia ninyi kabla ya waganga, kwa sababu katika mji huu mgonjwa wa usiku, mara nyingi, hafikishwi hospitalini na ambulansi. Anafikishwa na motari. Mama mjamzito anakaa katikati, mama mkwe nyuma anamshikilia, motari anateremka kutoka Cimpunda akiwa ameng'ang'ania breki, kila shimo akiliomba msamaha. Hakuna aliyempa motari huyo kazi ya ambulansi. Wala sijaona barua iliyoandikwa kumshukuru, kwa hiyo tuanzie hapo: aksanti.

Nataka kuzungumza nanyi juu ya GPS. Najua neno hilo halipendwi kwenye parkingi zenu. Kwenu GPS ni kile kidude ambacho tajiri anakifungisha chini ya dashibodi ili ajue kama lori lake limesimama Nyangezi kuuza mazuti, au kama taksi aliyoambiwa inatafuta wateja Nyawera kumbe imelala mbele ya nganda kule Nguba. Dereva anaitwa ofisini, anaonyeshwa mstari kwenye skrini, anakatwa mshahara. Sitetei wizi wa mazuti. Ila kifaa kinachoweza kusema gari liko wapi kwa tofauti ya mita chache, usiku na mchana, kufanywa askari wa mazuti peke yake, katika mji kama huu, naona ni matumizi ya kibahili.

Niliwahi kukaa katika chumba cha redio cha shirika moja la misaada hapa Bukavu. Mezani palikuwa na daftari la mwendo: namba ya gari, jina la dereva, saa ya kutoka, na kila kituo atakachopita. Gari likienda Hombo lilipaswa kuita Kavumu, kuita Bunyakiri, kuita likifika. Redio ikinyamaza kupita muda uliopangwa, tunaanza kupiga simu, na simu zisipopatikana mkubwa wa usalama anaamshwa. Halafu ikaletwa GPS. Sasa hatukusubiri tena dereva aite: gari likawa nukta ndogo ya kijani inayotambaa kwenye kompyuta, na tulijua limesimama hata kabla dereva hajavuta breki ya mkono.

Siku moja, nukta hiyo ikiwa mbele yangu, ikalia simu yangu mwenyewe. Jirani, mtu wa Buholo. Mtoto anapumua vibaya, gari la hospitali limeombwa, limekuja, dereva anasema amefika "kwa kanisa" na haoni mtu. Kanisa gani? Wenye kuijua Buholo watacheka hapo. Jirani anamwelekeza: penye mti wa avoka, panda ngazi, uliza kwa Mama wa makala. Dereva anauliza mti upi. Mimi huku naliona Land Cruiser la wageni likikata kona msituni, mbali kabisa, na mtoto aliye upande wa pili wa mlima simwoni. Mtoto alipona, kwa sababu mjomba wake alimbeba mgongoni mpaka barabara kubwa. Tangu hapo siwezi kuiangalia GPS kwa macho ya zamani. Ujuzi upo, vifaa vipo, mafundi wa kuvifunga wapo. Vimegeuzwa kuelekea mali.

Mji wetu una ugonjwa wake wa peke yake katika jambo hili. Sehemu za Nyawera, Muhumba na Labotte zilipangwa na Wabelgiji, nyumba zina namba na magari yanafika mlangoni. Lakini sisi wengi tunaishi mlimani, Kadutu, Nyamugo, Nkafu, Cimpunda, Panzi ya ndani, mahali ambapo nyumba zilifuata ardhi iliyobaki na vita vya miaka ya 1990 vikaleta watu zaidi ya ardhi yenyewe. Huko avenyu ni jina tu kwenye kadi ya uchaguzi. Kwa mguu ni ngazi za udongo, mfereji wa maji machafu, kichochoro cha bega moja. Moto ukiwaka kwenye nyumba za mbao, na kila msimu wa kiangazi tunahesabu nyumba, gari la zimamoto hata likipata maji na mafuta linaishia barabarani likitazama moshi. Ramani ya kwenye simu haijui hayo yote. Inachora mstari mzuri unaopita moja kwa moja, kisha inakufikisha juu ya ukuta wa jirani, mita nne angani.

Ndiyo maana pendekezo langu la kwanza halihitaji kununua chochote. Kila avenyu ina mahali ambapo gari linaishia. Motari anapajua, kwa sababu ndipo anapogeuzia. Naomba chama chenu kwa kushirikiana na shefu wa avenyu mpande siku moja ya salongo, ile kazi yetu ya pamoja, Jumamosi asubuhi, simu mkononi, mchukue nukta mbili tu: pale ambulansi inapoishia, na pale pikipiki inapoishia. Kutoka hapo ni kazi ya vijana na kipoyi, kama ilivyokuwa zamani. Hospitali ikiwa na orodha hiyo ukutani, dereva haulizi tena kanisa gani. Anaambiwa "Buholo, mwisho wa gari namba fulani", na familia inaambiwa imteremshe mtoto hadi hapohapo. Nusu saa ya kupotezana inaondoka bila senti.

Wengi watanijibu kwamba hawana mega za kuchezea. Hapa kuna kosa ambalo nalisikia kila siku, hata kwa watu waliosoma. Simu haihitaji mega wala mayunite ili ijue iko wapi. Setilaiti za GPS, zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kazi yao ni kutangaza saa, kwa usahihi wa ajabu. Simu yako inasikiliza nne kati yao au zaidi, inapima kila tangazo limechelewa kiasi gani njiani, na kwa ucheleweshaji huo inapiga hesabu ya mahali uliposimama. Inasikiliza tu kama redio, haimtumii mtu yeyote kitu. Unaweza kutoa kadi SIM kabisa, bado itajua. Mega zinatumika kuvuta picha ya ramani, na hata hiyo unaweza kuipakua mara moja, mahali penye intaneti ya bure, kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps, ukatembea nayo mwaka mzima. Hizo zinatumia ramani ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Ngazi za Nyamugo zinaweza kuandikwa humo kwamba ni ngazi, na mkiandika ninyi zitaandikwa vizuri kuliko atakavyoandika mtu wa Ulaya anayezitazama kutoka juu.

Wala hakuna anayetudai kwa huduma hiyo. Mfumo ni wa jeshi la Marekani. Ndege ya Korea ilipopotea njia na kutunguliwa na Wasovieti mwaka 1983, Rais Reagan akatangaza kwamba raia wa dunia nzima wataruhusiwa kuutumia. Hata hivyo kwa miaka mingi ishara ya raia ilichafuliwa makusudi, ikakosea kwa mita 100 hivi, mpaka Mei 2000 uchafuzi huo ulipozimwa. Mita 100 Kadutu ni bonde jingine. Leo simu ya kawaida, chini ya anga wazi, inakosea mita tano hadi kumi. Nasema chini ya anga wazi kwa sababu bati linaizibia, na ukuta wa mlima vilevile. Toka nje, simama dakika moja, usisome namba ya kwanza inayotokea.

Na namba zenyewe ni rahisi kuliko zinavyotisha. Katikati ya Bukavu ni -2.5083, 28.8608. Karibu mji wote, kutoka Bagira hadi Panzi, unaanza na 2.4 au 2.5 upande mmoja na 28.8 upande wa pili. Kwa hiyo mtu wa Bukavu akimsomea mwenzake mahali alipo, sehemu kubwa inajulikana tayari, anabaki na tarakimu chache za mwisho. Tarakimu nne baada ya nukta zinakuweka ndani ya mita 11. Mbili tu, kama watu wengi wanavyozikata kwa haraka, zinakuacha na kosa la kilomita nzima, yaani uko Essence na wao wanakutafuta Nyawera. Namba hizo zinaingia kwenye ujumbe mfupi mmoja. Mwenye simu ya tochi anaweza kuzipokea na kumsomea mwenye simu kubwa. Zinaweza kutamkwa hata kwa redio.

Nikitoka hapo naja kwenye jambo linalowahusu ninyi moja kwa moja. Tanzania wana mpango uitwao m-mama. Ulianzia wilaya za upande wa Ziwa Victoria miaka ya 2010, na mwaka 2022 serikali ikauzindua kwa nchi nzima. Mama mjamzito mwenye dharura, au mhudumu wa afya aliye naye, anapiga 115 bila malipo. Anayepokea ni mtu wa afya. Anauliza dalili, mfumo unamwonyesha ni gari gani lililo karibu na ni kituo gani cha kumpeleka. Ambulansi isipopatikana, na vijijini haipatikani mara nyingi, anaitwa dereva wa kawaida wa jirani ambaye ameandikishwa na kufundishwa kabla, na akimaliza safari analipwa kwa simu. Hapo kwenye kulipwa ndipo napapenda. Hawakumwomba dereva huruma, walimpa kazi. Nairobi kampuni ya Flare ilifikiria jambo la karibu na hilo: haikununua ambulansi, ilizikusanya zile za hospitali na kampuni mbalimbali kwenye skrini moja, ili anayepiga simu apelekewe iliyo karibu badala ya ile anayoijua jina.

Sisi tunapiga kwa jina. Nani hapa hajawahi kumpigia muuguzi anayemjua, naye akampigia dereva anayemjua, naye akawa yuko upande wa pili wa mji, amekwama sokoni Essence saa kumi na moja jioni? Huenda wakati huohuo gari jingine lilikuwa limekaa bure Place Mulamba. Naomba hospitali zetu, za serikali na za makanisa, zikubali kuziweka ambulansi zao zote kwenye skrini moja. Na naomba ninyi mwandikishe wamotari katika kila parkingi, wachache walio makini, wasiokunywa, wenye simu zinazochajiwa, ambao majina yao yatakuwa kwenye orodha hiyo baada ya ambulansi. Motari wa kwanza anampeleka mgonjwa anayeweza kukaa. Kwa asiyeweza kukaa, motari anatangulia mbele ya ambulansi akifungua njia. GPS haijawahi kuondoa mikokoteni pale Essence. Motari anaweza, kwa honi na kwa mdomo.

Malipo yatatoka wapi? Hospitali iandike nauli ya motari kwenye bili kama inavyoandika glavu na sindano. Kwa asiye na kitu, vyama vyenu vina kasa, na michango mnayokusanya kila siku barabarani ingepata sababu nzuri ya kutajwa hadharani.

Barabara kuu nazipitia haraka. Dereva wa kwanza anayekuta udongo umeanguka kwenye miinuko ya Ngomo akituma nukta kwenye kundi la chama, malori yaliyo Kamanyola yanasubiri chini badala ya kurundikana kwenye kona isiyo na pa kugeuzia. Mabasi ya mikoani Tanzania yamefungwa vifaa vinavyotoa taarifa za mwendo wake kwa mamlaka ya usafiri, LATRA, na abiria anafaidika hata asipojua. Kwetu vifaa vingine kwenye malori vina uwezo wa kutambua gari limepinduka na kutuma ujumbe papo hapo. Ujumbe unakwenda kwa tajiri. Julai 2010 pale Sange, lori la petroli lilipinduka, watu zaidi ya 200 wakaungua. Sidai kwamba kifaa kingewaokoa. Walikufa kwa sababu walikuwa karibu, na wengine kwa sababu walikuja na vidumu. Lakini naomba wenye malori waongeze namba ya pili kwenye vifaa vyao, ya hospitali iliyo kwenye njia hiyo. Ni dakika mbili za fundi.

Ziwani vilevile nisidanganye. Meli ya Merdi, iliyotoka Minova Oktoba 2024, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu. Mahali ilipokuwa palijulikana. Kilichokosekana ni majaketi, na kilichozidi ni abiria. Setilaiti haihesabu abiria.

Sasa hofu, kwa sababu najua ndiyo iliyokaa kimya tangu mwanzo wa barua hii. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa kundi la M23, kila mtu hapa anapima anachokisema kwenye simu na anayemwambia. Kumwambia motari akubali kufuatiliwa ni kumwambia akubali mtu ajue usiku alilala wapi na alimpeleka nani kwa nani. Hofu hiyo si ya kijinga, na si yetu peke yetu. Uganda ilipoingia mkataba na kampuni ya Urusi mwaka 2021 ili namba za magari na pikipiki zote ziwe na vifaa vya kufuatiliwa, watu wa haki za binadamu walipiga kelele, na walikuwa na sababu. Kigali, Januari 2022, wamotari waligoma kwa sababu ya mita za GPS walizolazimishwa kuzitumia: mita ilimhesabia motari kila kilomita na kumkata, yeye akabaki kuuliza faida yake iko wapi. Na huku Kivu Kaskazini, mwaka 2024, Umoja wa Mataifa ulilalamika kwamba ishara za GPS zinavurugwa na ndege zinahatarishwa. Chombo hiki kina watu wake wa vita.

Kwa hiyo ninachoomba kina mipaka, na naomba mipaka hiyo iandikwe kwenye mkataba kabla ya simu ya kwanza kupigwa. Ambulansi ifuatiliwe saa zote, kwa sababu ni chombo cha umma na kimepakwa rangi ili kionekane. Motari afuatiliwe tu akiwa amekubali safari ya mgonjwa. WhatsApp inakuruhusu kumwonyesha mtu mahali ulipo kwa dakika 15, saa moja au saa nane, kisha inajifunga yenyewe. Saa moja inatosha kutoka kona yoyote ya mji mpaka hospitali. Mgonjwa atume mahali alipo mara moja tu, kama namba, wala asifuatwe. Na mgonjwa akishapokelewa, njia aliyopita motari ifutwe siku hiyohiyo. Ibaki hesabu: saa ya kupigiwa, saa ya kufika, nauli. Akija mtu mwenye bunduki kudai daftari la nani alikwenda wapi, daftari hilo lisiwepo.

Mtu wa takwimu atalia kwamba tunapoteza data nzuri. Alie.

Waganga wakurugenzi, kwenu nina ombi fupi. Hospitali zenu zina ujuzi ambao dunia imeutambua. Daktari Mukwege wa Panzi alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mgonjwa anayefika mikononi mwenu ana bahati. Mteueni mtu mmoja wa zamu ya usiku ambaye kazi yake ni simu peke yake, mwenye chaji, mwenye ramani iliyopakuliwa na ile orodha ya mwisho wa gari. Asiwe muuguzi anayekimbia kati ya vitanda akiwa na simu kwenye mfuko wa koti.

Nanyi viongozi wa wamotari, anzeni na parkingi mbili tu, ya Essence na ya Panzi, kwa sababu barabara kati yake ndiyo inayomeza wagonjwa. Mkikubali, nitakuja Jumapili yoyote baada ya misa. Nitawaonyesha wamotari namna ya kusoma namba nje ya bati, kuzituma kwa ujumbe mfupi, na kuizima nukta safari ikiisha, mpaka waliotangulia wawafundishe wengine. Waje na simu zilizochajiwa, na aje hata yule anayesema GPS ni uchawi wa matajiri. Huyo akae mbele.

Mkaaji wa Kadutu
Bukavu